UZI: Kodi ya nyumba Uingereza, nani alipanga daraja lako na unarudishiwaje pesa

1/ Kila mjadala wa ada za ardhi za kaunti ukianza, lazima mtu mmoja aseme: "Uingereza ukitozwa zaidi unalalamika tu, unarudishiwa pesa zako. Mbona hapa hatuwezi?" Watu wanapiga makofi, tunahamia swali lingine. Leo nataka tusimame hapo hapo. Ni kweli? Inafanyaje kazi? Na inatufunza nini sisi?

2/ Kwa nini najua haya mambo: mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu. Ni mlezi wa wazee kwa mji mmoja katikati ya Uingereza, anakodi nyumba na binamu yangu aliye chuo kikuu. Akaniambia, "We si unasoma siasa? Basi nieleze hii kitu. Jirani analipa kodi kidogo kuniliko na nyumba zetu ni mapacha." Nikasema sawa shangazi, nipe siku mbili. Ilinichukua wiki mbili.

3/ Tuanze na msingi. Kule kila nyumba hulipiwa kodi ya baraza la mji kila mwaka. Ndiyo hulipia kuzoa taka, kutunza wazee, barabara za mtaa, na sehemu ya polisi. Tofauti ya kwanza na hapa kwetu: hapa mwenye shamba ama ploti ndiye hutumiwa bili na kaunti. Kule kwa kawaida bili ni ya anayeishi ndani, hata kama ni mpangaji. Kwa hivyo shangazi, ambaye hamiliki hata tofali moja, ndiye mlipaji.

4/ Bili inategemea daraja la nyumba. England kuna madaraja manane, A hadi H. Na hapa ndipo watu hushtuka: daraja halifuati bei ya nyumba leo. Linafuata bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Naam, 1991. Hata nyumba iliyojengwa juzi inakadiriwa ingeuzwa pesa ngapi siku hiyo.

5/ Mipaka ya England:
A: hadi pauni 40,000
B: hadi 52,000
C: hadi 68,000
D: hadi 88,000
E: hadi 120,000
F: hadi 160,000
G: hadi 320,000
H: zaidi ya hapo
Ndani ya eneo moja, H hulipa mara mbili ya D, na mara tatu ya A. Si zaidi. Nyumba iliyovuka 320,000 kidogo tu na jumba la kifahari lenye bei mara kumi ya hiyo, zote ziko H, zote bili moja.

6/ Kwa nini 1991? Kabla ya hapo serikali ilileta kodi ya kichwa: kila mtu mzima analipa kiasi sawa, tajiri na mfagizi. Ilianza Scotland 1989, ikafika England na Wales 1990. Watu walikataa. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano ya London yaligeuka vurugu kubwa pale Trafalgar Square. Serikali ikahitaji kitu kingine haraka. Hicho kitu kingine ndiyo haya madaraja, yaliyoanza kutumika 1 Aprili 1993.

7/ Haraka ina bei yake. Mamilioni ya nyumba yalihitaji kukadiriwa kwa muda mfupi, na nyingi zilitazamwa kutoka barabarani tu, mkadiriaji hata hakushuka kwa gari. Ndo maana hadi leo unaweza kupata nyumba mbili zinazofanana, ukuta mmoja katikati, madaraja tofauti.

8/ Sasa kulalamika. Kitu cha kwanza cha kujua: baraza la mji hukusanya pesa tu. Aliyepanga daraja ni ofisi ya serikali ya wakadiriaji, Valuation Office. Ukienda kugombana na karani wa baraza juu ya daraja unapoteza nauli. Scotland kazi hiyo ni ya wakadiriaji wa maeneo. Nilichoandika hapa chini ni utaratibu wa England.

9/ Kuna milango miwili.
Mlango wa kwanza: ndani ya miezi 6 tangu uanze kuwa mlipaji wa nyumba hiyo, una haki kisheria ya kupinga daraja. Wakikukatalia, una miezi 3 ya kukata rufaa kwa jopo huru. Hulipi kitu.
Mlango wa pili: miezi 6 ikipita, unaweza bado kuomba wakague upya, lakini lazima ulete ushahidi mzito kwanza. Kuna hali zingine zinafungua mlango wa kwanza tena, mfano sehemu ya nyumba ikibomolewa ama nyumba ikigawanywa kuwa mbili.

10/ Shangazi alikuwa amekaa pale miezi 18. Mlango wa kwanza ulishafungwa, na hakuna aliyemwambia ulikuwepo. Huyu ni mtu anaingia kazini saa moja jioni anatoka saa moja asubuhi. Bili ikija analipa. Ndivyo watu wengi tulivyo, hapa na kule.

11/ Ushahidi ni wa aina mbili, na ukitaka kushinda leta zote mbili.
Moja, majirani. Madaraja yote yako wazi kwa tovuti ya serikali, unaandika anwani unaona mtaa mzima, bure. Unatafuta hadi nyumba tano zinazofanana na yako: ukubwa, umri, aina, mtaa huo huo. Zikiwa chini yako, una hoja.
Mbili, bei. Bei za nyumba zilizouzwa England na Wales tangu 1995 ziko wazi kwa umma. Unachukua bei ya zamani kabisa unayopata, unairudisha nyuma hadi 1991 kwa kufuata jinsi bei zilivyopanda na kushuka.

12/ Tukakaa kwa simu, yeye huku amechemsha chai baada ya zamu ya usiku, mimi na daftari hosteli. Mtaa wake una nyumba 22 za muundo ule. Yake ni C. Ishirini kati ya hizo ni C. Mbili tu ni B. Moja ya hizo mbili ina vyumba viwili badala ya vitatu, kwa hivyo hiyo tukaitoa. Ikabaki moja.

13/ Tukajaribu bei. Nyumba kama yake, mtaa huo huo, iliuzwa 1998 kwa pauni 70,000. Bei za wakati huo zilikuwa zimepanda kama moja kwa tano tangu 1991. Ukirudisha nyuma unapata karibu 58,000. Rudi kwa tweet ya 5: hiyo ni C, katikati kabisa. Nikamwambia, "Shangazi, daraja lako liko sawa. Ni la jirani ndilo liko chini."

14/ Sasa hapa ndipo wale wa kwenye majukwaa hawafiki. Ukiomba ukaguzi, matokeo si mawili, ni manne: daraja lako lishuke, libaki, LIPANDE, ama wakadiriaji waone kumbe wewe uko sawa na jirani ndiye yuko chini, wampandishe yeye. Ukiandika anwani ya jirani kama ushahidi, umeielekeza serikali kwa mlango wake.

15/ Na yule jirani wa B ni nyanya wa miaka themanini na kitu, anaishi peke yake. Ndiye humpokelea shangazi mizigo akiwa amelala mchana. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wacha. Siwezi kumfanyia hivyo, na hata mimi sitapata kitu." Faili ya daraja tukaifunga hapo.

16/ Lakini wiki mbili hazikwenda bure. Nikisoma sheria nilikutana na kitu kingine kabisa: bili kamili hudhani kuna watu wazima wawili au zaidi ndani ya nyumba. Ukiwa mtu mzima peke yako, unapunguziwa asilimia 25. Na mwanafunzi wa chuo anayesoma muda wote HAHESABIWI. Yaani binamu yangu, kwa macho ya kodi hii, hayupo. Shangazi alikuwa anaishi "peke yake" tangu siku ya kwanza.

17/ Hii sasa unaomba kwa baraza lenyewe, si kwa wakadiriaji. Alituma barua ya chuo ya binamu na tarehe ya kuhamia. Bili yake ilikuwa kama pauni 1,900 kwa mwaka, kwa hivyo robo ni 475. Kwa miezi 18 alirudishiwa zaidi ya 700. Alilia kwa simu. Akanitumia ya vitabu, na ndiyo maana mnaona nina nguvu ya kuandika nyuzi ndefu hivi.

18/ Kama una ndugu kule, mtumie hii orodha:
– Angalia punguzo kwanza, daraja baadaye. Punguzo halina hatari kwa jirani.
– Daraja likishuka, baraza hupiga hesabu upya na kurudisha pesa tangu ulipohamia, ila haliwezi kupita Aprili 1993. Kama una deni la kodi, wanaweza kulikata humo.
– Endelea kulipa bili ukisubiri jibu. Ukiacha, unaweza kupelekwa kortini kwa deni.
– Kila kitu ni bure. Anayekupigia simu akitaka asilimia ama nambari ya benki ili "akufuatilie," kata simu.

19/ Turudi kwa siasa, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Swali la maana si kama kuna haki ya kulalamika. Ni kwa nini kuna orodha ya 1991 hadi leo. Jibu: kila serikali inaogopa. England ilipanga kukadiria upya 2007, mpango ukasitishwa 2005. Wales walithubutu: tangu 2005 wanatumia bei za 2003. Karibu thuluthi moja ya nyumba zikapanda daraja, zilizoshuka zikawa chache kabisa. England ikaona kelele za Wales, ikatulia.

20/ Na gharama ya kuogopa inaangukia nani? Tangu 1991 bei za nyumba hazikupanda sawa kila mahali. Mitaa mingine imekuwa ya matajiri na bado iko daraja la zamani. Mingine imedorora na bado inalipa kama zamani. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayawezi kurekebisha hilo, kwa sababu yanalinganisha nyumba yako na ya jirani ndani ya orodha ile ile ya 1991. Unaweza kusogezwa kiti, lakini basi ni lile lile.

21/ Kwetu je? Katiba, kifungu cha 209, inazipa kaunti nguvu ya kutoza ada za mali, zile tunaita reti. Nairobi iliishi na jedwali la thamani la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40. Fikiria mitaa iliyokuwa mashamba wakati huo na leo ni maghorofa. Ugonjwa ni ule ule wa England. Tofauti ni kwamba wao walipigia hesabu nyumba nzima, na Nairobi ikapigia ardhi tupu bila jengo.

22/ Sheria yetu ya zamani ya ukadiriaji ilikuwa na haki ya kupinga pia: jedwali jipya likitangazwa, una siku 28 kupeleka pingamizi. Kwa hivyo yule anayesema "hapa hatuwezi" hajasema ukweli. Tuliweza. Shida ni kwamba tangazo lilitoka kwa gazeti moja siku moja, na mama wa ploti ya kurithi huko nje ya mji hakuliona. Mwaka 2024 tulipata sheria mpya ya kitaifa ya reti, na kaunti nyingi zitakuja na majedwali mapya.

23/ Basi mdahalo ujao, mgombea akisema "tutakadiria upya," usimzomee na usimpigie makofi bado. Muulize: utakadiria tena baada ya miaka mingapi? Nikiona umekosea, nina siku ngapi, na utaniambiaje kama sisomi gazeti? Nikishinda, unarudisha pesa tangu lini? Na mtu asiye na mpwa wa kumsomea sheria, ofisi gani itamsaidia?

24/ Akijibu hayo manne, mpigie makofi. Akisema tu "mtalalamika mtarudishiwa," mkumbushe kuna mama alilipa robo zaidi kwa miezi 18 kwa nchi ambayo haki hiyo ipo na tovuti ipo, kwa sababu alikuwa kazini usiku.

Mwisho wa uzi. Kama umewahi kupinga jedwali la thamani kaunti yako, niandikie ilivyoenda. Nitakusanya niweke uzi wa pili.