Dhegdheer, Zimwi na Majini ya Runinga

Watoto wa Kisomali, wakiwemo wa kambi ya Dagahaley huko Garissa, wanamjua Dhegdheer, mla watu wa hadithi ambaye jina lake lina maana ya sikio refu. Sisi wa pwani tulitishwa kwa zimwi, wala hatukudhurika. Msimulizi alikuwa mama au bibi, na kabla ya zimwi kutokea tulikwisha kuitika “Pakawa!”, tukajua kwamba hii ni ngano.

Tamthilia za runinga hazina paukwa, na siku hizi simu zimefika hata kambini. Mwezi wa Juni 2019 Netflix ilitoa tamthilia ya Kiarabu iitwayo Jinn, ya sehemu tano, juu ya wanafunzi wa Jordan waliozuru magofu ya Petra wakazukiwa na majini. Wajordan wengi walikasirishwa na busu na matusi yaliyomo. Walikuwa na haki, lakini sisi tunaona kuna jambo zito zaidi. Dhegdheer na zimwi wamebuniwa. Majini wameumbwa, kwa moto, na wamekalifishwa ibada kama sisi. Sura ya 72 ya Qur’ani yaitwa kwa jina lao. Mtoto anayewatazama peke yake usiku, ama atawahofu kuliko Muumba wao, ama atawadhania kuwa porojo kama zimwi.

Kumpokonya simu hakujibu swali lake. Akina mama, keti naye umwulize: huyu ni wa ngano au wa ghaibu? Akibabaika, mweleze kabla hajalala, kisha msome pamoja Ayatul Kursiy.