Sanamu za Siku Moja: Funzo Kutoka Usukuma



Kila msimu unapokaribia, nasaha ni zile zile: usivunje matawi, usianike barabarani, kagua kamba na ngazi kabla ya kupanda. Hutangazwa kwa kipaza sauti na kubandikwa ukutani. Hata hivyo watu wangali wakianguka mikarafuuni, na karafuu zenye mchanga zingali zikiletwa kituoni. Watu wanajua. Lakini jambo likisemwa kila mwaka kwa namna moja, sikio hulizoea na halilisikii tena. Kwa hiyo yafaa tutazame namna wenzetu wakulima wa pamba, kando ya Ziwa Viktoria, wanavyojua kuwakusanya watu.

Mwanza ni mji wa majabali. Mawe makubwa yamekaa juu ya mawe, hata mgeni hudhani kuna fundi aliyeyapanga. Lililo mashuhuri kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Mjini kuna pia sanamu ya samaki kwenye kipilefti, maana samaki ndiye riziki ya watu wengi wa huko. Mgeni huitazama sanamu hiyo na kuuliza habari zake. Mwenyeji hupita na baiskeli yake bila ya kuinua macho. Ndivyo ilivyo kwa kila kinachosimama mahali pamoja siku zote.

Lakini Wasukuma wanazo sanamu za namna nyingine. Ukitoka Mwanza kwa njia ya Musoma, kiasi cha kilomita 20, utafika Kisesa, na hapo jirani ni Bujora. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyeanzisha huko makumbusho ya Wasukuma. Moja katika nyumba zake imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nyingine ni ya vyama vya ngoma, na vikubwa ni viwili: Bagika na Bagalu. Vyama hivi vilitokana na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani hodari zaidi wa ngoma na dawa. Ushindani huo haujesha mpaka leo, na kila mwezi wa Juni huonekana Bujora katika sikukuu ya Bulabo.

Mashindano yenyewe huwa baada ya mavuno, wakati mkulima ana nafasi. Kwa desturi vyama viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: kila mtu huenda anakopendezwa, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila kiongozi wa ngoma hutafuta jambo la kuwashtua watu. Wengine hucheza na nyoka, wengine na nungunungu. Na wengine huleta sanamu zilizochongwa kwa mti, nyingine zikiwa na mikono inayochezeka. Sanamu hutolewa ghafula, watu wakaacha upande wa pili na kukimbilia huku. Ngoma ikimalizika sanamu hurudishwa ndani. Mwakani itakuwa ngeni tena, ama itachongwa nyingine.

Hapo ndipo penye funzo. Nguvu ya sanamu ile ni kuja kwake na kuondoka kwake. Na sisi visiwani hatukosi mfano. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, hujengwa kibanda cha makuti na kuchomwa siku hiyo hiyo. Kibanda hakidumu, lakini watu husafiri kutoka mbali kwenda kukiona.

Basi, je, haiwezekani msimu unapofunguliwa tukaweka kitu katika bustani ndogo ya mji, tuseme Wete au Mkoani, kwa wiki mbili au tatu tu? Mikarafuu iliyokauka tunayo, na mafundi seremala tunao. Isimamishwe mikarafuu miwili mikavu. Mmoja uwe na matawi yaliyovunjwa na kamba iliyochakaa. Wa pili uwe mzima, na ngazi iliyofungwa barabara. Chini yake litandikwe jamvi lenye karafuu safi zilizochambuliwa, makonyo yakiwa mbali, na kando yake fungu lililoanikwa barabarani, mchanga wake ukionekana. Mtoto atamwuliza baba yake, na baba hana budi kujibu. Jibu atakalolitoa kwa mdomo wake mwenyewe atalikumbuka zaidi kuliko tangazo.

Twajua wako watakaopinga. Wazee wengi hawapendi sanamu ya kiumbe chenye roho, na rai yao lazima iheshimiwe. Lakini mti, ngazi na jamvi havimo katika ubishi huo. Wengine watauliza gharama. Mti mkavu ungekwenda kuwa kuni, na baada ya wiki tatu bado utakwenda kuwa kuni. Hatari iliyopo ni watoto kupanda. Kwa hiyo miti ichimbiwe chini sana, izungushiwe ua, na awepo mtu wa kuangalia. Itakuwa aibu kubwa mtu kuumia kwenye kitu kilichowekwa kuzuia watu wasiumie.

Na siku iliyopangwa ikifika, kiondolewe bila ya huruma, hata kama watu wamekipenda. Kikiachwa kitakuwa kama yule samaki wa kipilefti.

Jambo hili na lizungumzwe katika mikutano ya matawi kabla ya msimu. Bega la mchumaji aliyeanguka halirudi kama lilivyokuwa, na tawi la mkarafuu lililovunjwa leo halitatupa karafuu mwakani.