Kabla ya kununua gurudumu la mashindano, muulize fundi breki itakaa wapi

Leo natoka kidogo katika mambo ya bahari yetu niwapeleke ziwani.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu kumjulia hali dada yangu, ambaye ameolewa huko miaka mingi. Nilimkuta mwanawe, kijana wa miaka 19, uani akipangusa magurudumu mawili kama mtu anayepangusa sahani za harusi. "Mjomba, nimepata magurudumu ya resi!" Alikuwa ametoa akiba ya miezi mitano ya kibarua cha kupakia samaki, akayanunua kwa muuzaji wa mitumba. Anataka kushindana katika mbio za baiskeli za njia za vumbi, na alikuwa akiningoja nimuongezee pesa za tairi.

Magurudumu yalipendeza, wallahi. Ringi pana nyeusi, spoki chache nyembamba, na mepesi ajabu. Lakini mimi si fundi, na pesa ni pesa. Nikamwambia, baada ya Alasiri twende tukayaonyeshe kwa mwenye kujua.

Tulimpata mzee mmoja chini ya mti, karibu na soko la Kibuye. Mzee huyu alianza kazi wakati boda boda bado ni baiskeli. Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba boda boda ilianza na baiskeli kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, kabla ya pikipiki kuja kuchukua kazi hiyo. Kisumu iliishi kwa baiskeli hizo, ambazo Wajaluo huziita ndiga.

Mzee alilishika gurudumu la nyuma, akalizungusha mara moja, akatazama katikati. Kisha akamuuliza mpwa wangu, "Kijana wangu, breki utaiweka wapi?"

Hapo ndipo somo lilipoanza, nami naliandika kwa sababu vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu nao wananunua vitu hivi hivi.

Magurudumu ya mashindano si ya aina moja. Kuna ya uwanjani, yaani yale ya kukimbilia katika kiwanja cha duara chenye kingo zilizoinama. Baiskeli za huko hazina breki kabisa, wala hazina friwili. Gia ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Uwanjani hakuna matatu wala mbuzi wa kukatiza njia, ndiyo maana inawezekana. Gurudumu la nyuma la mpwa wangu lilikuwa la aina hiyo. Habu yake haina mahali pa kufungia diski ya breki. Ukiitoa kiwanjani ukaiingiza katika barabara ya Kondele saa ya jioni, umejitafutia msiba.

Aina ya pili ni ya saiklokrosi, mbio za Ulaya za majira ya baridi, katika matope na nyasi, ambapo mwendeshaji hufika mahali akashuka, akaibeba baiskeli begani na kukimbia nayo. Katika mashindano makubwa ya kimataifa tairi zake haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33. Aina ya tatu ni ya milimani na njia za changarawe, zenye tairi nene zaidi. Hizi ndizo zinazotufaa sisi. Tangu 2021 Kenya ina mbio zake za changarawe, Migration Gravel Race, zinazopita nchi ya Maasai Mara kwa siku nne. Kwa hiyo ndoto ya kijana si ya kuchekwa. Na David Kinjah, aliyemfundisha Chris Froome alipokuwa mtoto hapa Kenya, alituonyesha kwamba mtu anaweza kuanzia kwenye baiskeli ya kawaida akafika mbali. Froome alishinda Tour de France mara nne.

Kosa la pili la magurudumu yale lilikuwa kipimo. Baiskeli ya mpwa wangu ni ya milimani, ya inchi 26. Tazama ubavuni mwa tairi yako, utaona namba kama 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokaa. Ringi za inchi 26 za milimani ni 559. Zile za resi alizonunua ni 622. Vibao vyake vya breki visingefika kwenye ringi hata angevivuta vipi. Na usidanganywe na jina la inchi. Baiskeli kubwa nyeusi za zamani huitwa 28 na ringi zake ni 635. Za resi nazo huitwa 28 madukani, na ni 622. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuamini.

Kisha mzee akaja kwenye spoki. Sisi watu wa pwani tunaelewa haraka, kwa sababu tumeona mlingoti wa jahazi. Mlingoti hausimami kwa unene wake tu, husimama kwa kamba zilizokazwa pande zote. Gurudumu nalo ni hivyo. Spoki ni nyembamba, haiwezi kusukuma, kazi yake ni kuvuta. Zote zikivuta sawasawa, ringi inakaa katikati na inabeba mzigo. Moja ikilegea, inajikunja na kunyooka kila mzunguko mpaka inakatika, mara nyingi pale penye kona karibu na habu. Ikikatika, jirani zake zinabeba sehemu yake.

Ndiyo maana baiskeli zile nyeusi za mtindo wa Kiingereza zilikuja na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko uzito uliko. Gurudumu la resi lenye spoki 20 likikatika moja, ringi huyumba mara moja, na unaweza kurudi nyumbani kwa miguu. Lenye 36 likikatika moja, unafika. Mzee hupima kwa vidole. Hubana spoki mbili mbili kuzunguka ringi nzima, na ile iliyolegea huijua kabla ya macho kuiona.

Mwisho ni ardhi yenyewe. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za masika zikinyesha, udongo ule hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linakwama katika fremu. Tairi nene kupita kiasi isiyoacha nafasi ni adhabu. Kiangazi nako kuna miiba. Waendeshaji wengi wa mashindano siku hizi hawatumii tyubu. Wanatia ndani ya tairi utomvu maalumu unaoziba tundu dogo mara linapotobolewa. Ni kitu kizuri, lakini hukauka, hasa kwenye joto letu, na lazima uongezwe kila baada ya miezi michache. Asiye na uwezo huo abebe tyubu ya akiba, gundi na bomba.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Mpwa wangu alinyamaza njia nzima, nami sikumsimanga, kwa sababu ni jasho lake.

Kesho yake tulirudi kwa mzee. Ringi zake za zamani zilikuwa nzima. Mzee alizisuka upya kwa spoki mpya 36 kila moja, akabadilisha gololi, akatia grisi. Pesa ya tairi niliyoombwa ililipa kazi hiyo, ikatosha na kofia ngumu ya kichwani. Magurudumu ya uwanjani yamebaki yametundikwa ukutani uani kwa dada, yakimngoja mnunuzi mwenye kiwanja.

Jioni kijana alizunguka mtaa mara mbili, akaja kasi mpaka mlangoni, akabana. Baiskeli ikasimama pale pale. Mamake alikuwa amesimama kizingitini akitazama. Hakuuliza bei. Alisema, "Alhamdulillahi," akarudi jikoni.