Ulimi wake hauna kosa

"Daktari, tukimshtua hatasema?" Swali hili naulizwa hapa Bariadi na ndugu wa wagonjwa waliopoteza usemi hadi nimechoka, na najua linakotoka. Kwenye tamthilia, baba aliyekuwa bubu tangu ajali anamwona mwanawe akitaka kugongwa na gari, anapiga ukelele, muziki unapanda, na tangu hapo anaongea kama mtangazaji wa redio. Basi nyumbani mzee anamwagiwa maji ya baridi alfajiri. Anachopata ni kutetemeka.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyeishi hospitalini miaka 21 akitamka karibu "tan" tu. Aliyoambiwa aliyaelewa. Kidonda kilikuwa kwenye ubongo, upande wa kushoto, kuelekea mbele. Seli zilizokufa hapo, iwe kwa kiharusi au kwa kuanguka na bodaboda, hazikulala hata ziamshwe. Mshtuko utampandishia presha, hasa yule ambaye presha ndiyo iliyomwangusha.

Kinachowapoteza watu ni hiki: ukimsalimu mgonjwa "mwangaluka" anaitikia vizuri. Anaimba pambio, anahesabu hadi kumi, na akikasirika anatukana kwa ufasaha. Kisha anashindwa kuomba maji. "Anajifanya huyu!" Hajifanyi. Maneno ya mazoea hupita njia nyingine, na upande wa kulia wa ubongo husaidia. Sentensi mpya hupitia palepale palipoumia. Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani Januari 2011, aliweza kuimba wakati kusema kulimshinda, na hadi leo huyatafuta maneno. Hiyo ni miaka ya mazoezi, tena Marekani!

Waigizaji wetu nao humfanya mgonjwa wa namna hii zuzu ili tucheke. Matokeo yake babu anasemeshwa kitoto, na shamba lake la pamba linagawanywa mbele yake huku anaelewa kila kitu.

Haya, ya kufanya. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika: hospitali saa hiyohiyo, bila kumlisha wala kumnywesha. Baadaye ulizia rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, na mtaalamu wa tiba ya usemi. Nyumbani zima redio, uliza maswali ya ndiyo au hapana, tumia picha, na kama amekulia Kisukuma, zungumza naye Kisukuma. Akisema "kikombe" huku anaonyesha kijiko, mpe kijiko.