Kituo Huanzia Mlangoni kwa Mama Yake

Maandiko mengi ya kuanzisha kituo cha kutwa cha watu wazima wenye usonji huanza na ramani ya jengo: ukumbi, jiko, vyoo, ofisi ya meneja. Si ajabu. Jengo linapigika picha, na mfadhili analielewa haraka. Mimi ningeanza na safari ya asubuhi.

Tuseme kijana ana miaka 27, anaishi Temeke, na kiwanja cha bei nafuu kimepatikana Chanika. Daladala mbili hizo. Konda anagonga bodi, redio iko juu, abiria wanambana kila upande. Watu wengi wenye usonji huumizwa na sauti na mguso ambao sisi wengine tunauvumilia bila hata kuufikiria. Akifika getini ameziba masikio, hataki kushikwa, na mhudumu asiyejua alikotoka anamwandika mkaidi. Saa nzima inaishia kumtuliza. Gari la kituo lingemwepusha na hayo, lakini bajeti inapopunguzwa ndilo hukatwa mwanzo, kwa kuwa mafuta na dereva ni gharama ya kila siku.

Jengo lenyewe nalo lina mambo yake. Bati lisilo na siling bodi likinyeshewa mvua za masika, hakuna mtu atakayesikilizana humo ndani, na taa ya tyubu inayopepesa inatosha kumharibia mtu siku. Haya hurekebishika kwa fedha kidogo, mradi mkandarasi aambiwe mapema.

Kigumu ni wahudumu. Ukutani hubandikwa ratiba ya picha: kunawa mikono, chai, bustani, kupumzika. Kazi ikiisha, kadi yake inabanduliwa, na mtu asiyezungumza anajua kinachofuata. Ratiba hiyo inamtegemea mhudumu anayejua kwamba fulani lazima abandue kadi mwenyewe, na mwingine hanywi chai ila kwenye kikombe chake. Ujuzi huo hauandikwi kwenye ripoti ya robo mwaka. Mradi wa miaka mitatu ukimalizika, mhudumu anatafuta ajira kwingine na kuondoka nao, na mgeni anaanza upya na watu wanaoteswa sana na mabadiliko.

Mishahara ya kuwabakiza wahudumu itoke wapi? Tangu 2018 sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fundi cherehani anayetembelea magongo anaweza kufaidika. Lakini mkopo hurudishwa, na kumtunza mtu mzima kutwa hakuzalishi marejesho. Basi kamati ya kituo inachomeka ufugaji wa kuku ndani ya andiko ili kituo kionekane kikundi cha ujasiriamali. (Kuku wenyewe wana kelele.)

Halafu kuna saa za kufunga. Kituo kikifunga saa nane mchana, mama anayeuza mboga sokoni hadi magharibi hawezi kukitumia. Atamwacha mwanawe nyumbani na mlango umefungwa kwa nje, kama alivyokuwa akifanya kabla ya mradi, na kwenye daftari la mahudhurio jina lake litawekewa alama ya utoro.