Kufungiwa Mshairi: Funzo katika Hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.)

Huulizwa mara nyingi: Je, mtawala ana haki ya kumnyamazisha mshairi? Na kama anayo, mpaka wake ni upi? Jibu zuri tunalipata katika kisa kilichotokea Madina zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), aliyetawala baina ya mwaka 13 na 23 Hijria.

Al-Hutay'ah alikuwa mshairi hodari mwenye ulimi mkali. Alimtungia Az-Zibriqan bin Badr, mkubwa katika Banu Tamim, beti zenye maana kwamba aache kutafuta utukufu, akae tu alishwe na avishwe. Az-Zibriqan akamshitaki kwa Khalifa.

Umar (r.a.) hakufanya haraka. Alisema haoni tusi humo, bali lawama tu. Mlalamikaji aliposhikilia, akamwita Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume (s.a.w.), naye akathibitisha kuwa ni kejeli nzito. Hapo ndipo Al-Hutay'ah alipofungwa. Akiwa kifungoni alitunga beti za kueleza hali ya watoto wake wadogo walioachwa bila mlezi. Umar akalia, akamwachia kwa sharti asiguse tena heshima za watu. Inapokewa pia kwamba alizinunua kwake heshima za Waislamu kwa dirhamu 3,000, maana kejeli ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Katika kisa hiki mna mazingatio:

Kwanza, kilichoadhibiwa si ushairi, bali kumvunjia mtu heshima. Qur'ani Tukufu nayo (26:224–227) imewalaumu washairi wapotofu, kisha ikawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema.

Pili, kesi ililetwa na aliyeumizwa. Haikuzuka kwa chuki ya mtawala.

Tatu, aliulizwa mjuzi wa fani. Ni wangapi leo wanaopiga marufuku kitabu ambacho hawajakisoma?

Nne, adhabu ilikuwa na mwisho, na mfungwa hakunyimwa kalamu. Shairi lilimtia kifungoni, na shairi likamtoa.

Basi anayedhani kwamba Sharia humruhusu msanii kusema lolote amekosea. Na anayedhani kwamba kila neno lisilompendeza mkubwa ni la kufungiwa, naye amekosea vilevile.

Wallahu a'lam.