Kiangazi cha Mayoni: Mboga, Jua na Mvua ya Mawe

Majina ya majira yaliyozoeleka katika vitabu vya Kiswahili, yaani masika, kipupwe, vuli na kiangazi, yalizaliwa pwani, kwa watu waliozihesabu pepo za kusi na kaskazi. Mkulima wa mboga wa Mayoni, Kaunti ya Kakamega, akiyafuata jinsi yalivyo atapoteza mbegu zake. Pwani vuli hungojewa Oktoba. Mayoni, si mbali na mji wa Mumias, mvua za pili huanza mapema, yapata Agosti. Anayepanda Novemba kwa kuitegemea vuli ya kitabuni hulikuta jua la Januari miche ingali michanga.

Hata kiangazi chenyewe, Desemba hadi Februari, hakiaminiki. Asubuhi jua huchoma. Alasiri upepo wa Ziwa Viktoria hukutana na ule utokao mashariki, wingu zito likajengeka, na mara mvua ya mawe ikashuka. Sukumawiki, yenye majani mapana, hubaki matambara.

Hapa ndipo mboga za kienyeji zinapodhihirisha thamani yake. Mgagani, ambao Waluhya wengi huuita tsisaka, huweza kuchumwa baada ya majuma manne hivi. Hasara yake basi ni ya mwezi, wala si ya msimu. (Muwa, uliotwaa sehemu kubwa ya ardhi ya eneo hili tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, hudai mwaka mmoja na nusu au zaidi.) Mnavu ukivunjwa kilele huchipua matawi ya pembeni. Mrenda, au murere, hustahimili joto, ila mbegu yake ina ganda gumu: huchovywa kwanza katika maji ya moto, la sivyo nyingi hulala udongoni.

Mbegu za mnavu ni ndogo mno. Huchanganywa na mchanga au majivu, zikafukiwa kidogo tu. Kwa hiyo dhoruba moja huweza kuzisomba zote. Kinga yake ni tuta lililoinuliwa, mfereji kando, na matandazo ya majani makavu ya miwa, ambayo huvunja nguvu ya matone na kuhifadhi unyevu jua likirudi. Miche ikishaota, matandazo husogezwa kando ya mistari. Muhimu zaidi, shamba lisipandwe lote siku moja. Tuta moja leo, jingine baada ya majuma mawili: mawe yakishuka, yatakuta mengine bado ni mbegu.